Daktari Kwenye Simu, Kadi Mfukoni: Sheria ya Kentucky Inakulinda Wapi

Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili mjini Louisville, Kentucky

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana, asanteni kwa kufika. Wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Unapoonana na daktari kwa simu au kwa video, nani analipa, na anatakiwa kulipa kiasi gani? Kentucky ina sheria nzuri juu ya hilo, lakini sheria hiyo haigusi kila kadi ya bima. Humu ndani kuna watu inaowalinda barabara, na aliyeketi kiti cha pili yake haimhusu kabisa, ingawa kadi zao zina nembo ileile ya kampuni ileile. Nataka kila mtu ajue yuko upande gani. Anayedai haki kwa sheria isiyomhusu anapoteza siku, na siku za rufaa, yaani za kupinga uamuzi wa bima, zinahesabika.

Sheria za namna hii zilianzia Louisiana mwaka 1995. Hilo lilikuwa jimbo la kwanza kuandika kwamba bima imlipe daktari anayemhudumia mgonjwa aliye mbali. Kentucky ikafuata mwaka 2000. Wakati huo picha iliyokuwa vichwani mwa watunga sheria ni mgonjwa aliyeketi katika kliniki ya mashambani mbele ya skrini, na daktari bingwa yuko mjini upande wa pili. Kitanda chako nyumbani hakikuwa sehemu ya matibabu. Mwaka 2018 Seneta Ralph Alvarado, ambaye mwenyewe ni daktari, alipeleka Mswada wa Seneti namba 112. Ukapita, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2019, miezi michache tu kabla ya korona kuwafungia watu ndani. Kwa hiyo korona ilipofika, Kentucky haikuanza kutafuta sheria gizani.

Kifungu chenyewe cha bima ni namba 304.17A-138 katika sheria za Kentucky. Naomba muiandike, kwa sababu mtaihitaji siku ya kuandika rufaa. Kinasema huduma ambayo bima yako ingeilipia ukiwa umekaa mbele ya daktari, ilipiwe pia ukiwa mbali. Kile unachochangia mfukoni kwako kisizidi kile ambacho ungechangia ukienda kliniki. Bima isidai idhini ya awali, yaani ruhusa yake kabla ya huduma, kwa video ikiwa haiidai kwa ziara ya ana kwa ana. Isimlazimishe daktari kuthibitisha kwamba ulikuwa na sababu ya kutokwenda kliniki. Na isikatae malipo kwa sababu tu ya aina ya chombo au programu iliyotumika.

Kisha kuna bei, na hapa naomba subira kidogo, maana ndipo majimbo yanapoachana. Majimbo zaidi ya 40 yana sheria inayoilazimu bima kuilipia tiba mtandao. Lakini kulipia ni jambo moja, na kulipia bei ileile ni jambo jingine. Takriban nusu ya majimbo tu ndiyo yameandika usawa wa bei. Chukueni mfano wa kufikirika: kliniki inalipwa dola 120 ukienda mwenyewe. Mahali ambapo sheria inasema "lipia" bila kutaja bei, bima inaweza kutoa dola 70 kwa ziara hiyohiyo ikifanyika kwa video. Daktari ametumia dakika zilezile na leseni ileile. Kliniki haitakuambia kwamba imepata hasara. Itapunguza nafasi za video hadi zibaki mbili kwa wiki, na wewe utaambiwa nafasi ni mwezi ujao. Ukiona nafasi za mtandaoni zimekauka, mara nyingi chanzo ni bei, wala si mitambo.

Jirani zetu wa Ohio wanalazimisha bima kulipia, lakini hawakuandika bei sawa. Illinois mwaka 2021 iliandika bei sawa ya kudumu kwa afya ya akili, na kwa huduma nyingine ikaweka kikomo cha muda. Kentucky imeandika usawa wa bei, ila imeacha tundu moja: kliniki na kampuni ya bima zinaruhusiwa kukubaliana kwa mkataba bei ya chini zaidi. Kliniki kubwa ina mawakili wa kukataa. Kliniki ndogo ya mtaani, ile yenye mhudumu anayezungumza lugha yetu, inapewa mkataba wa kurasa nyingi na kusaini ili isikose wagonjwa. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la sheria, na linawaumiza watu walewale ambao tiba ya mbali ilikusudiwa kuwafikia.

Mwaka 2021 Bunge la jimbo huko Frankfort, mji mkuu wa Kentucky, lilipitisha Mswada wa Wawakilishi namba 140, na huo ndio uliofungua mlango kwa simu ya sauti peke yake. Kabla ya hapo simu ya kawaida haikuhesabiwa kuwa tiba mtandao. Sasa inahesabiwa, pamoja na video ya moja kwa moja, picha zinazotumwa ili daktari azitazame baadaye, kama za upele wa ngozi, na vipimo vinavyotumwa kutoka nyumbani. Barua pepe, ujumbe wa maandishi na faksi kwa kawaida bado viko nje. Ukimwandikia muuguzi ujumbe mrefu kuhusu kikohozi cha mtoto na akakujibu, usidhani hiyo ni ziara iliyolindwa na kifungu hiki.

Sasa tuje kwenye kadi, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokwama.

Wengi humu mnafanya kazi maghalani, viwandani na kwenye machinjio makubwa, na bima mmepewa na mwajiri. Bima za waajiri ziko za aina mbili. Katika aina ya kwanza, mwajiri ananunua bima kutoka kampuni, na kampuni ndiyo inayobeba hasara mkiugua. Hiyo iko chini ya sheria ya jimbo. Katika aina ya pili, mwajiri analipa gharama za matibabu kwa fedha yake mwenyewe, na kampuni ya bima imeajiriwa kushughulikia makaratasi tu. Hiyo iko chini ya sheria ya taifa ya mwaka 1974 inayoitwa ERISA, na sheria ya bima ya Kentucky haiigusi. Kote Marekani, wafanyakazi wengi wenye bima ya kazini wako katika aina hii ya pili, kwa sababu ndiyo waajiri wakubwa wanayoipenda.

Kadi haitakuambia kwa sauti. Nembo mbele ni ya kampuni ya bima, hivyo mtu anaamini ana bima ya kampuni hiyo. Geuza kadi usome maandishi madogo ya nyuma. Ukiona sentensi inayosema kampuni inatoa huduma za kiutawala tu na haibebi dhamana ya madai, uko aina ya pili. Usipoona kitu, nenda ofisi ya wafanyakazi ukaulize kwa maneno haya hasa ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo wanayoyajua: mpango wetu ni "fully insured" au "self-funded"? Omba pia kwa maandishi kijitabu cha maelezo ya mpango. Wana siku 30 za kukupa, na wakipuuza, mahakama inaweza kuwatoza hadi dola 110 kwa kila siku ya kuchelewa. Katika kijitabu hicho tafuta ukurasa wa tiba mtandao. Kwa walio aina ya pili, ukurasa huo ndio wa kuutegemea, kwa sababu kifungu cha Frankfort hakitawasaidia. Mipango mingine ya aina hii inalipia tu daktari wa kampuni moja ya mtandaoni iliyochaguliwa na mwajiri, na haimlipii daktari wako wa siku zote akikupigia video. Mtu asiyejua hilo hupokea bili nzima.

Jambo jingine: usawa haufuti kile kiasi cha mwanzo ambacho unalipa mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. Kama mpango wako una dola 3,000 za mwanzo na hujazifikisha, ziara ya video inaweza kukugharimu bei kamili, na hapo hakuna sheria iliyovunjwa.

Wenye Medicaid ya Kentucky, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wakiwemo familia nyingi zilizofika karibuni, mko mahali pazuri kwa tiba ya mbali. Sheria ya 2018 iliwabana pia wasimamizi wa Medicaid walipie kwa usawa, na simu ya sauti imo. Lakini lipo jambo zito zaidi ya video. Sheria ya taifa iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inabadilisha nani anastahili Medicaid kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026. Aliye na hadhi ya ukimbizi lakini hajapata kadi ya ukaazi wa kudumu atakuwa hatarini kupoteza bima yenyewe. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba kadi hiyo baada ya mwaka mmoja nchini, kwa fomu I-485, na mkimbizi halipii ada ya fomu hiyo. Mwenye mwaka mmoja tayari asingoje msimu ujao. Nenda kwa shirika lililokupokea uombe msaada wa kuijaza.

Wazee wenye Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee, yenu inatoka Washington na sheria ya jimbo haiifikii. Ruhusa ya kuonana na daktari mkiwa nyumbani imekuwa ikiongezwa kwa vipindi tangu 2020, na serikali ilipofungwa kwa kukosa bajeti tarehe 1 Oktoba 2025 ruhusa hiyo ilikatika kwa magonjwa mengi hadi tarehe 12 Novemba. Huduma za afya ya akili nyumbani zimewekewa msingi wa kudumu. Kwa mengine, kila unapopanga ziara uliza kliniki: siku hiyo Medicare bado inalipia nikiwa nyumbani?

Sasa mto. Louisville iko upande huu wa mto Ohio, na ukivuka daraja kwenda kazini Jeffersonville uko Indiana. Daktari anatakiwa kuwa na leseni ya jimbo ambalo mgonjwa yupo wakati wa mazungumzo. Anwani yako ya nyumbani haihesabiki hapo. Mnaoishi huku na kufanya kazi ng'ambo mmezoea kupanga ziara ya video saa ya mapumziko, mkiwa garini kwenye maegesho ya ghala. Swali la kwanza la daktari litakuwa, "Uko wapi sasa hivi?" Ukijibu Jeffersonville na yeye ana leseni ya Kentucky tu, atakatisha mazungumzo, na atakuwa sahihi. Usimdanganye. Anauliza pia ili ambulansi ijue pa kukufuata ukizidiwa. Madereva wa malori, ninyi zaidi: asubuhi mko Kentucky, mchana Tennessee, jioni Georgia. Kentucky imo katika mapatano ya leseni yanayounganisha majimbo zaidi ya 40, lakini mapatano hayo yanampa daktari njia ya haraka ya kuomba leseni ya kila jimbo, hayampi leseni moja ya kote. Kwa hiyo unapopanga ziara, taja jimbo utakalokuwa saa hiyo, au chagua siku ambayo uko nyumbani.

Mkalimani. Kinga hii haitoki kwenye sheria ya jimbo ya tiba mtandao. Inatoka kwenye sheria za taifa, ile ya haki za kiraia ya 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010. Kila kliniki au hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, zikiwemo za Medicaid, inatakiwa kukupa mkalimani mwenye sifa, bure, na kwa video vilevile. Mtoto wako wa miaka 12 asikalimani ziara ya mama yake. Kanuni inakataza kumtegemea mtoto isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mwingine.

Tatizo linatokea saa nne kamili asubuhi. Umepokea kiungo kwa ujumbe, umebonyeza, umeingia kwenye chumba cha kusubiri cha mtandaoni. Daktari anatokea. Mkalimani hayupo, kwa sababu yuko kwenye laini ya simu, na programu ya kliniki haina namna ya kumwingiza mtu wa tatu. Muuguzi anaweka simu ya mezani kwenye spika karibu na kompyuta. Sasa sauti ya mkalimani inapita kwenye spika, inaingia kwenye kipaza sauti cha kompyuta, inakufikia imechelewa na ina mwangwi. Daktari anauliza kama maumivu yanashuka mguuni, wewe unasikia "mguuni" peke yake. Dakika 15 zinaisha hivyo. Hapo usivumilie. Sema: naomba tuzungumze kwa simu ya sauti sisi watatu. Kwa wenye bima iliyo chini ya sheria ya jimbo na wenye Medicaid, simu ya sauti inalipiwa tangu mabadiliko ya 2021, kwa hiyo kliniki haina sababu ya kifedha ya kukataa. Kwa watu wetu naona hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ya mswada ule.

Kuzuia ni bora kuliko kuokoa. Siku ya kupanga miadi, omba mkalimani na useme ni Kiswahili cha wapi. Mkongo akisema ameonana na "munganga" anamaanisha daktari wa hospitali. Mkalimani aliyekulia Mombasa anaweza kusikia mganga wa kienyeji na kutafsiri hivyo, na daktari akaandika kwenye faili kwamba unatumia mitishamba. Kama mzee anaelewa zaidi Kinyarwanda au Kibembe, omba lugha hiyo. Fomu za kabla ya ziara huja kwa Kiingereza siku moja au mbili kabla. Piga simu uombe zijazwe kwa mkalimani, kwani kwenye programu nyingine fomu isiyojazwa hukuzuia kuingia.

Kuhusu intaneti: video inataka takriban megabiti 1 kwa sekunde kwenda na kurudi, na dakika 20 zinaweza kula megabaiti 200 hadi 500 za data yako. Lile punguzo la dola 30 kwa mwezi lililokuwa likisaidia familia nyingi lilikwisha tarehe 1 Juni 2024. Lililobaki ni punguzo jingine la serikali kuu liitwalo Lifeline, dola 9.25 kwa mwezi, na mwenye Medicaid anastahili.

Wenye presha waliopewa mashine ya kupimia nyumbani inayotuma namba kliniki, jueni inavyolipwa. Kliniki hudai malipo kwa namba inayoitwa msimbo. Kwa msimbo wa zamani, 99454, kliniki hulipwa ikiwa mmepima angalau siku 16 katika siku 30. Medicare imeongeza msimbo wa siku 2 hadi 15 kuanzia 2026, lakini bima nyingine zinaweza kubaki na kanuni ya zamani. Ukipima siku 10 tu, kliniki inaweza kukosa malipo na kuichukua mashine. Pima kila asubuhi: usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, keti dakika 5, egemeza mgongo, nyayo sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, usizungumze. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati.

Na dai la malipo likikataliwa? Kwanza msiogope. Karatasi ya bima inayokuja baada ya ziara, iliyoandikwa kwamba hiyo si bili, itaonyesha sababu. Mara nyingi chanzo ni namba iliyokosewa na karani. Ziara ya mbali hubeba namba ya mahali: 10 mgonjwa akiwa nyumbani kwake, 02 akiwa mahali pengine. Hubeba pia alama ya nyongeza: 95 kwa video, 93 kwa sauti peke yake. Ziara ya simu iliyoandikwa 95, au ya nyumbani iliyoandikwa 02, inaweza kurudishwa au kulipwa pungufu. Kisha Januari 2025 misimbo ya zamani ya simu, 99441 hadi 99443, ilifutwa, ikaja mipya inayoanzia 98000, ambayo karibu yote Medicare haikuikubali, na bima binafsi kila moja ikaamua lake. Karani anayetumia orodha ya zamani anakukatishia dai bila kujua. Kwa hiyo kabla ya rufaa pigia ofisi ya malipo ya kliniki, wape namba ya dai, waulize: mliandika namba gani ya mahali na alama gani ya nyongeza, na zinalingana na ziara ilivyokuwa? Wakirekebisha na kutuma upya, kesi imekwisha.

Ikishindikana, andika rufaa. Una siku 180 tangu kupokea barua ya kukataliwa. Andika jina, namba ya mwanachama, namba ya dai, tarehe ya huduma, kisha sentensi moja: huduma hii ingelipiwa ana kwa ana, na kifungu 304.17A-138 kinataka ilipiwe kwa mbali. Walio aina ya pili wasitaje kifungu hicho. Wataje ukurasa wa kijitabu cha mpango wao. Ambatisha maelezo ya daktari ya siku hiyo. Una haki ya kupewa bure nakala za karatasi zote walizotumia kukukatalia. Kwa huduma uliyokwisha kuipata wana hadi siku 60 za kujibu. Kwa ile unayoisubiri, siku 30. Kwa dharura, saa 72. Wakikataa tena kwa sababu za kitabibu, una miezi minne kuomba mkaguzi huru wa nje. Malalamiko ya bima ya jimbo yanakwenda Idara ya Bima huko Frankfort. Ya mipango ya aina ya pili, Wizara ya Kazi ya Marekani, na huko hulipi kitu. Medicaid ina saa yake: siku 60 kukata rufaa kwa msimamizi wa mpango, kisha siku 120 kuomba kusikilizwa na jimbo. Kama wanakatisha huduma unayoendelea nayo na unataka isisimame wakati wa rufaa, omba ndani ya siku 10.

Siku bahasha inapofika, kabla hata ya kuifungua, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Aliyekuja na barua ya bima mfukoni aje nayo hapa mbele sasa tuisome pamoja, tukianza na hiyo tarehe.